Wakazi wa Masjala

Tarishi wa halmashauri yetu alikuwa na ubishi mmoja tu maishani, nao ulihusu barua. Ofisi nzima tulimwita Mjomba, ingawa hakuwa mjomba wa yeyote pale. Barua ikishaandikwa anwani, Mjomba aliipeleka kwenye anwani hiyo na kumkabidhi mwenyewe mkononi. Hakuiacha kwa mke wala kwa mlinzi, na hakuisukuma chini ya mlango. Mwenyewe akikosekana, Mjomba alikaa chini akamsubiri. Diwani mmoja alirudi kutoka safari akamkuta barazani kwake, kabrasha la kikao mapajani, mbwa wa nyumba amelala miguuni pake. Diwani alituambia yule mbwa hajawahi kumzoea hata yeye.

Watu wenye shahada zao walimwelekeza mara nyingi aache barua mapokezi. Alikuwa akiitikia "sawa", kisha anavuta kiti.

Mimi ni katibu muhtasi. Nachapa, napokea simu, na kikao kikikaa naandika kumbukumbu, yaani nageuza kelele za watu wazima kuwa sentensi zenye adabu. Mheshimiwa akimtukana mwenzake, naandika kwamba kulikuwa na mjadala mpana. Wakilala, naandika kwamba wajumbe walitafakari. Kazi hii imenifundisha kuwa na uso mkavu, na nitaomba msomaji anisamehe nikiendelea kuutumia.

Siri ya Mjomba niliigundua kwa sababu ya kuwahi kazini. Asubuhi moja nilihitaji kumbukumbu za zamani, nikaenda masjala, kile chumba kikubwa nyuma ya jengo kinachotunza majalada, rafu mpaka darini, madirisha yakitazama ukuta wa jirani. Karani wa masjala alishastaafu na hakuletwa mwingine, kwa hiyo ufunguo alikuwa nao Mjomba. Nilisukuma mlango, haukuwa na kufuli, nikamkuta ananyoa ndevu, kioo kimeegemezwa kwenye jalada la Mifereji na Maji Taka. Shati lake la kazi lilikuwa linaning'inia kwenye rafu ya Rasilimali Watu.

Hakushtuka sana. Alimaliza shavu la pili, akafuta povu, akaniomba nikae.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mjomba alikuwa mjane, amepanga chumba kimoja. Karakana aliyokuwa akifanyia kazi mkwewe ikafungwa, na binti yake akarudi kwa baba na mume na watoto. Wakatundika pazia katikati. Upande mmoja binti na familia yake, upande wa pili baba mtu, na katikati aibu. Mkwe akawa hageuki kitandani. Mjomba akawa anakohoa hata asipokuwa na kikohozi, ili wajue yuko macho. Baada ya muda mkwe akaanza kusema afadhali aondoke akatafute maisha mbele ya safari, na Mjomba alijua wanaume wanaokwenda mbele ya safari huwa hawarudi. Mshahara wa tarishi unalipa chumba kimoja, haulipi viwili. Ndipo siku moja akarudi na uso wa furaha na kuwaambia ofisi imempa nyumba ya watumishi.

Halmashauri yetu ina nyumba moja tu ya watumishi. Anakaa Mkurugenzi, na inavuja. Binti hakujua hilo. Alifurahi mpaka akawatangazia majirani, akampa baba yake mto na shuka la kuanzia maisha. Mkwe alibaki. Watoto wakaanza shule.

"Akijua nalala hapa, mume wake hatakaa hata siku moja," Mjomba aliniambia. "Ataona amenifukuza kwangu."

Nikaapa kunyamaza. Kabla sijaondoka nikamuuliza analalia nini. Akanionyesha. Nyuma ya rafu ya mwisho alikuwa amepanga mafungu ya majalada yaliyofungwa kamba, bapa kama jukwaa, na shuka la binti juu yake. Yalikuwa majalada ya Mipango ya Makazi, yote, tangu halmashauri ianzishwe. Alisema alijaribu Elimu na Mifugo, lakini hayo watu huyafuata mara kwa mara. Mipango ya Makazi hakuna aliyewahi kuyaulizia. Nilicheka mpaka nikatoka machozi, na nilipofika mezani kwangu machozi yalikuwa bado yanatoka ila kicheko kilishakwisha.

Sasa nije kwenye kikao.

Ajenda ya kwanza ilikuwa vishikwambi kwa madiwani na watumishi wote, ili tuachane na karatasi. Ajenda ya pili ilikuwa makazi kwa watu wanaolala nje. Hii ya pili haikuzuka hivi hivi. Watu wasio na pa kulala walikuwa wameanza kutumia baraza la jengo letu, na mgeni mmoja mzito kutoka juu alijikwaa kwenye miguu ya mmoja wao, akamwomba radhi akidhani ni mtumishi.

Vishikwambi vilijadiliwa asubuhi nzima. Kuna diwani alitaka makava mekundu, mwingine akasema mekundu yana siasa. Mwenyekiti alisema yeye si mtu wa makuu, ila macho yake yanahitaji kioo kipana kuliko vya wenzake. Niliandika kwamba kulikuwa na mjadala mpana. Ajenda ya pili ilifika harufu ya chakula ikiwa imeshaingia ukumbini. Mkurugenzi alisimama akasema jambo ambalo, nikubali, lilikuwa na akili: karatasi zikiingia kwenye vishikwambi, masjala itabaki tupu. Chumba kipo, maji yapo karibu, umeme upo. Vinunuliwe vitanda, watu wa barazani waingizwe humo. Mawili kwa mpigo mmoja.

Madiwani wakagonga meza. Mwenyekiti akauliza kama kawaida, "Kuna anayepinga?" na kama kawaida akaanza kufunga kalamu kabla ya jibu.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji. Tarishi haruhusiwi kusema ndani ya ukumbi, na hata angeruhusiwa, angesema nini? Kwamba watu wasio na nyumba wasipewe nyumba? Alinitazama. Mimi nikainamisha kichwa nikaandika: wajumbe waliafiki kwa kauli moja.

Baadaye nilimbana ajiandikishe na wenzake. Akasema yeye ni mtumishi wa halmashauri, na mtumishi hawezi kuonekana barazani kwa mwajiri wake anaomba kitanda. Halafu orodha itabandikwa, mji mdogo, binti atasikia. Nikamwambia basi aje kwangu. Akaniuliza kwa heshima kama mama mkwe wangu bado analala sebuleni. Nikasema ndiyo. Akaniuliza na watoto wako wapi. Nikasema wako naye. Hapo tukaacha mazungumzo, kila mmoja akarudi kwenye kazi yake.

Majalada yalitolewa kwa mikokoteni, yakapigwa picha moja moja, yakapelekwa kusagwa. Mafungu ya Mipango ya Makazi peke yake ndiyo yaliyobaki. Mkurugenzi alisema nyaraka hizo haziwezi kuharibiwa kwa kuwa utekelezaji wake bado unaendelea. Wakayasukuma chini ya dirisha, wakapaka chumba rangi, vitanda vikaingia.

Mjomba alihamia barazani. Alikuwa anaondoka saa za kazi zikiisha kama watu wote, anazunguka mtaa mmoja, anarudi. Watu wa baraza walimfahamu kwa sare yake. Kulikuwa na mama mmoja aliyewahi kufundisha chekechea, fundi saa ambaye watu waliacha kuvaa saa, na wengine wa aina hiyo, watu ambao ungeweza kukaa nao meza moja. Mjomba aliwaambia amepangiwa ulinzi. Wakamwitikia kwa adabu, wakamsogezea kipande cha sakafu karibu na ubao wa matangazo. Kila mmoja pale alikuwa na kazi ya ulinzi ya namna hiyo.

Uandikishaji ulifanywa na Afisa Ustawi kwa kishikwambi kipya. Alianza vizuri. Jina, likaingia. Umri, ukaingia. Kilipofika sehemu ya anwani ya makazi, mama wa chekechea akasema hana. Afisa akaiacha wazi, kishikwambi kikalia na kugoma kwenda mbele. Akaandika "hana", kikalia. Akaandika "barazani", kikamwuliza jengo gani, chumba gani. Akaja ofisini kumwita mtaalamu wetu wa kompyuta, dada mmoja mpole asiyependa ugomvi na mashine. Dada akasema mfumo ndivyo ulivyonunuliwa. Kuubadilisha kunahitaji barua kwa waliouuza, na barua inahitaji idhini ya kikao.

Afisa Ustawi ni mtu mwenye roho nzuri, na alikuwa hajala. Akafikiri: hawa watu si wataishi masjala? Basi akaandika kwa kila mmoja: Jengo la Halmashauri, Chumba cha Masjala. Kishikwambi kikakubali bila kulia tena. Mjomba alikuwa amesimama pembeni na bahasha zake, kama mtu anayepita tu.

Chumba kilizinduliwa. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa, mlango ukafungwa kungoja majina yachambuliwe. Mfumo ukayachambua wenyewe, haraka ajabu. Kwenye kikao kilichofuata Mkurugenzi alisoma taarifa kutoka kwenye kioo: kati ya waombaji wote, hakuna hata mmoja asiye na makazi. Wote wana anwani.

Nilingoja mtu aseme kitu. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Mwenyekiti alisema halmashauri chache zimefikia hatua hiyo. Ikaazimiwa waombaji waarifiwe kwa barua, na kwa kuwa chumba kipo na hakina mtu, kitumike kwa muda kuchajia vishikwambi.

Barua nilizichapa mimi. *Tunasikitika kukuarifu kuwa ombi lako halikufanikiwa, kwa kuwa tayari una makazi.* Nilizichapa huku nikitukana kimoyomoyo, na mimi si mtu wa kuishia kimoyomoyo. Anwani za kwenye bahasha zilitoka zenyewe kwenye mfumo. Nikamwita Mjomba nikamkabidhi.

Alizipitia bahasha moja moja, akisogeza midomo. Wenyewe walikuwa wamekaa nje ya dirisha langu. Fundi saa angeweza kupokea ya kwake kwa kunyoosha mkono tu. Nikamwambia Mjomba hivyo.

"Anwani si baraza," akasema.

Akatoa ufunguo mfukoni, kwa maana hakuna aliyewahi kukumbuka kumwomba. Akaenda kusimama mbele ya watu wa baraza, kofia kwapani, akawaambia wana barua, na barua zimeandikwa za masjala, hivyo wabebe vitu vyao waje kuzipokea kwao. Watu wakatazamana. Mama wa chekechea ndiye aliyeanza kunyanyuka. Mjomba akawazungusha nyuma ya jengo na mabegi yao na maboksi yao, akafungua mlango, akamweka kila mmoja kwenye kitanda, na kumpa kila mmoja barua yake mkononi.

Mjini siku hizi wanasema alikuwa mjanja, aliipiga halmashauri chenga. Mimi nilikuwepo, na nasema si kweli. Mjomba hakuwa na ujanja wa kumpita kuku. Alikuwa mbishi, na alikuwa hajawahi kuacha barua mahali pasipo na mwenyewe. Mama wa chekechea aliisoma ya kwake, akawasomea na wasioweza kusoma. Iliposemwa kwamba tayari wana makazi, walitazama vitanda, wakatazama dari, wakakubaliana na barua. Mama akaikunja ya kwake, akaiweka chini ya godoro kama hati ya nyumba. Hakuna aliyetoka.

Mwenyekiti alikuja mchana kuchaji. Alisukuma mlango, kioo chake kipana kwapani, akamkuta fundi saa amevua viatu. Kelele zikatuita wote: mimi, Mkurugenzi, Afisa Ustawi, dada wa kompyuta. Mwenyekiti aliuliza nani amewaingiza watu hawa. Mjomba akajibu kwamba barua ziliandikwa za hapa, naye amezileta hapa. Mwenyekiti akamgeukia dada wa kompyuta amwambie mfumo unasemaje. Dada akabonyeza, akabonyeza tena, akasema kwa sauti ndogo kwamba mfumo unasema wanaishi hapa. Akaulizwa inakuwaje wakitolewa. Akasema itabidi wafutiwe anwani, na mtu asiye na anwani mfumo haumtambui, itakuwa kama halmashauri imepoteza watu. Na taarifa ya kwamba mji hauna asiye na makazi ilikuwa imeshatumwa juu.

Mwenyekiti alikitazama kioo chake muda mrefu. Chaji ilikuwa inaelekea kwisha.

"Basi wakae kwao," akasema.

Nilitaka kucheka, nikajikaza kisabuni. Hapo Mwenyekiti, akitafuta mtu wa kumalizia hasira, akamgeukia Mjomba. Akamwambia kazi yake imekwisha, barua zimefika, arudishe ufunguo kwa Mkurugenzi aende nyumbani.

Kitanda kimoja kilikuwa kitupu, kile cha dirishani. Niliona Mjomba amekitazama na kuacha. Alikuwa na njia rahisi: aitikie "sawa", azunguke mtaa, arudi barazani, safari hii peke yake, na binti asijue. Ningeweza kumsemea, lakini siri haikuwa yangu. Mjomba aliuweka ufunguo kwenye kiganja cha Mkurugenzi, akavaa kofia, akafika mlangoni, akasimama.

"Mheshimiwa, sina nyumbani pa kwenda," akasema. "Nilikuwa nalala humu kabla ya rangi."

Mwenyekiti akamwuliza kama si yeye ambaye mtaani wanasema amepewa nyumba ya watumishi. Mjomba akasema kwamba mheshimiwa anajua, nyumba ya watumishi ni ile moja tu ya Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama dari, pengine kwa mazoea ya nyumbani kwake. Ni Afisa Ustawi aliyewasha kishikwambi chake, akakohoa, akaandika jina, akaandika umri, akafika kwenye anwani.

"Unaishi wapi, mzee wangu?"

"Hapa."

Kishikwambi hakikulia.

Binti alisikia, kama tulivyojua atasikia. Alikuja siku chache baadaye, ofisi ikikaribia kufungwa, akasimama mezani kwangu akaniuliza baba yake anakaa wapi. Nilimtambua kwa paji la uso kabla hajajitambulisha. Kupitia dirishani nilimwona mwanamume amesimama getini na godoro kichwani, hajui aliweke wapi wala aingie au asiingie. Binti akasema huyo ni mume wake, ameona haya. Alisema tangu juzi mume wake hali chakula, na anasema yeye na watoto watahamia hata chini ya mti ili mzee arudi chumbani kwake, na godoro lao ameshalitoa. Wamekuja kumchukua.

Nikampeleka nyuma. Mjomba alikuwa amekaa kitandani anapiga viatu rangi. Alipomwona bintiye alisimama wima na kiatu kimoja mkononi, kama anayekaguliwa. Wenzake wakageukia ukutani, wote kwa pamoja, ndiyo faragha waliyoweza kumpa.

"Baba, ulituachia chumba," binti akasema.

"Mlikuwa wengi."

"Uliniambia umepewa nyumba."

Mjomba akatazama vitanda, taa, rangi mpya, mama wa chekechea aliyekuwa akikunja shuka lililokwisha kukunjwa. Akasema amepewa kweli, ndiyo hii, ila ilichelewa kidogo. Akamwambia amwite mumewe aingie, godoro zuri haliachwi juani, na waje kumtembelea na watoto, lakini hakuna atakayehama kumpisha mwenzake tena, yeye akiwa hai. Alilisema hilo polepole, na kwa sauti ile aliyokuwa akiwaambia nayo madiwani kwamba atasubiri.

Binti alitafuta mahali pa kukaa. Viti havikuwamo, kikao kilikuwa bado hakijavipitisha. Mjomba akapangusa yale mafungu chini ya dirisha kwa kiganja, akamkaribisha. Binti akakaa juu ya Mipango ya Makazi, akaficha uso kwenye khanga yake, akalia.

"Kaa vizuri tu, mwanangu," baba yake akamwambia. "Hayo hayaendi popote."